UZI: Ndizi za asili za Kivu zinapungua. Tunazihifadhi vipi zikiwa hai na zikiwa safi?

Tunguu_Kabare (mwanzilishi wa uzi)

Salamu wandugu wa Bukavu, Goma na kwingineko.

Uzi huu ni wa aina za ndizi zilizobaki nyuma ya nyumba Kabare, Walungu, Kalehe na Idjwi, zile ambazo sokoni Kadutu huzioni. Maharagwe ukiyakausha vizuri unayaweka kwenye chupa, yanakusubiri. Mgomba hauna mbegu ya kuweka. Kila mgomba ni kipande cha mgomba uliotangulia, kizazi kwa kizazi, na shina la mwisho (mgomba pamoja na machipukizi yake) la aina fulani likifa hakuna pa kurudi.

Zinapungua kwa sababu tatu: mnyauko wa bakteria, soko linalotaka aina chache zenye mikungu mikubwa, na mashamba yanayogawanywa hadi mtu anabakiza migomba kumi tu. Mwenye migomba kumi hawezi kuweka aina kumi.

Wanaojaribu kuhifadhi huharibu kwa njia mbili. Wapo wanaokusanya majina badala ya migomba: majina 40, na shambani kuna aina 15. Wengine hukusanya magonjwa pamoja na machipukizi, wakaweka kila kitu pamoja, na baada ya misimu miwili shamba zima limenyauka. Afadhali aina ingebaki kwa mwenyewe.

Kipimo ninachopendekeza: kila aina mashina 5, 3 katika shamba moja na 2 katika shamba la mbali, la mtu mwingine, kwenye barabara nyingine. Nafasi mita 3 kwa 3. Aina 30 kwa mashina 3 ni mashina 90, kila shina mita 9 za mraba, jumla mita 810 za mraba. Hilo ni shamba dogo, kikundi kinaliweza. Shimo sentimita 60 kila upande, udongo wa juu ukae pembeni, uchanganywe na samadi iliyooza beseni moja kubwa, kilo 20 hivi, na huo ndio urudi chini kwanza.

Katika kila shina acha mama, mtoto na mjukuu tu. Katika mkusanyo hili lina uzito kuliko shamba la kawaida, maana shina lenye machipukizi 10 huingia la jirani, na baada ya miaka 4 hujui chipukizi hili ni la nani.

Wenye ujuzi wa majina, magonjwa na kuzalisha, uwanja ni wenu.

---

MamaWalungu

Aksanti Tunguu. Nianze na majina, kwa sababu hapo ndipo vurugu huanzia.

Jina moja linaweza kuwa la aina mbili, na aina moja ikawa na majina matano kati ya Mashi, Kihavu, Kitembo na Kifuliru. Mtu akikuambia Nshikazi au Barhabesha, andika vile alivyotamka, andika lugha na kijiji, na usimsahihishe. Jina ni habari ya mwenye shamba. Utambulisho wa mgomba ni maumbile yake.

Unaangalia mara mbili. Mara ya kwanza ua dume likiwa limefunguka na chane zote zimetoka: rangi na madoa ya mgomba, mfereji wa kikonyo cha jani (umefunga, umesimama wazi au umelala), rangi ya magamba ya ua dume nje na ndani, umbo lake, na kama yanajikunja yakifunguka. Mara ya pili siku ya kukata mkungu: unaning'inia wima au umeinama, chane ngapi, ndizi ngapi katika chane ya pili kutoka juu, urefu wa ndizi kwa mkunjo wa nje, ncha yake ina shingo kama chupa au ni butu. Piga picha na rula ndani yake. Picha isiyo na rula haikusaidii kitu ukiwa na ndizi mbili zinazofanana.

Kisha kata ndizi mbichi vipande na uonje. Za kupika nyama yake ni safi na ladha yake imepoa. Za pombe zinakaza ulimi, na ukichungulia kwenye nyama unaona vidoa vya kahawia vinavyonata. Jaribio hili ni la dakika moja na linatenganisha mikungu ambayo kwa nje ni pacha.

Kitabu cha sifa za kuelezea migomba kilitolewa na mashirika ya utafiti IPGRI, INIBAP na CIRAD mwaka 1996. Ni kirefu, sifa 20 zilizochaguliwa vizuri zinatosha kikundi. Ila usichague sifa zinazobadilika na samadi. Urefu wa mgomba na uzito wa mkungu ni habari za udongo kabla ya kuwa habari za aina.

---

Msomaji_Goma

Mama Walungu, kwa nini tusipime DNA tukamaliza ubishi?

---

DadaMaabara

Kaka wa Goma, DNA itakusaidia nusu. Ndizi za nyanda za juu, kundi ambalo wataalamu huliita Lujugira-Mutika, zina seti 3 za kromosomu, jumla 33, na kwa vipimo vya kawaida zinaonekana karibu sawa zote, kana kwamba zimetoka kwa mama mmoja. Tofauti tunazoziona, ya kupika na ya pombe, mkungu uliobana na uliolegea, zilitokana na mabadiliko madogo yaliyozuka shambani, na mkulima akayaona na kuyachagua. Mwaka 1998 mtafiti Deborah Karamura alizipanga katika makundi matano kwa kuangalia maumbile: Nfuuka, Nakabululu, Nakitembe, Musakala na Mbidde, hili la mwisho likiwa la pombe.

DNA itakutenganishia haraka ndizi ya nyanda za juu na Gros Michel, Yangambi Km5, Kamaramasenge au Pisang Awak. Ndani ya kundi lenyewe, jicho la mkulima bado linashinda mashine.

Wenye mizabibu wanalijua hili tangu zamani. Pinot Noir, Pinot Gris na Pinot Blanc kwa vipimo vingi vya DNA ni mzabibu mmoja, lakini mvinyo wake ni tofauti kabisa. Ndiyo maana Ureno, kupitia chama cha PORVID kilichoanzishwa mwaka 2009, hawahifadhi mzabibu mmoja kwa kila jina. Wanakusanya mashina mengi ya aina ileile kutoka mashamba ya zamani tofauti, kwa kuwa ukichukua shina moja tu umehifadhi jina na kuacha utajiri wake nje. Kwetu ni vilevile: Barhabesha ya Kabare na Barhabesha ya Kalehe ziingie kama namba mbili. Ziunganishwe baadaye zikionyesha ni moja, zisiunganishwe mlangoni.

---

Mzee_Nyangezi

Nasema kuhusu mnyauko, kwa sababu uzi wote huu ni bure kama hamjalielewa hili.

Ugonjwa ulielezwa mara ya kwanza Ethiopia mwaka 1968, na kwetu ulionekana Masisi mwaka 2001. Kata mgomba mgonjwa, subiri dakika chache, utaona ute wa manjano unatoka kwenye kidonda. Ndizi zinaiva kabla ya wakati na ndani zina rangi ya kutu. Hakuna aina ya kulimwa iliyo na kinga kamili, kwa hiyo msipoteze muda kumtafuta mgomba shujaa.

Unaingia kwa njia mbili kuu. Wadudu hutua kwenye makovu ya ua dume, na panga hubeba utomvu kutoka shina hadi shina. Ukipanda juu, kuanzia mita 1,700 hivi, njia ya wadudu inakuwa hafifu, na kinachobaki ni panga. Watu wa milimani husema "kwetu kuna baridi, hauji". Unakuja, umeshikwa mkononi.

Ua dume liondoeni kwa kijiti chenye panda, si kwa chuma, mara chane ya mwisho inapotokea. Mnazungusha kijiti mpaka livunjike. Katika mkusanyo kuna mgongano hapa: Mama Walungu anataka ua dume apige picha, mimi nataka liondoke. Suluhisho ni kuacha ua kwenye shina moja kati ya matatu, siku chache tu, ukishapata picha unalivunja.

Panga: ama moto, ama javeli (dawa ya klorini ya kufulia). Kipimo 1 cha javeli ya dukani kwa maji vipimo 5. Lakini osheni panga kwanza, kwa maana javeli ikikutana na udongo na utomvu inaisha nguvu hapohapo, mnabaki kuchovya panga katika maji machafu. Moto, washa makala (makaa), geuza panga pande zote mbili mpaka mkono hauwezi kugusa. Fanyeni hivyo kutoka shina hadi shina. Kutoka shamba hadi shamba haitoshi.

---

KasiksiSafi

Shikamoo Mzee. Agronomu wengine sasa wanasema usiling'oe shina zima, kata mgomba ulioonyesha dalili tu usawa wa udongo, uache wengine. Wewe unakubali?

---

Mzee_Nyangezi

Marahaba. Kwa shamba la kula, ndiyo. Bakteria hawafiki kila chipukizi la shina, hivyo ukikata mgomba mgonjwa peke yake kila wiki bila kuchoka, na panga safi, ugonjwa unashuka na mkulima hapotezi shamba.

Kwa mkusanyo, hapana kwa nusu. Kata ulioonyesha dalili, lakini shina hilo liandikwe kwa rangi nyekundu na lisitoe chipukizi hata moja la kwenda kwa mtu. Maambukizi yanaweza kujificha zaidi ya mwaka mmoja ndani ya tunguu (kiazi cha mgomba kilicho udongoni) linaloonekana zima. Ndiyo sababu ya yale mashina 2 ya mbali: ukiwa nayo, hili la hapa unaling'oa bila kulia.

---

Uvira_Bonde

Mzee amemaliza mnyauko. Sisi wa bonde la Ruzizi tuna kitu kibaya kuliko huo kwa mkusanyo, virusi vya kudumaza migomba. Viko hapa tangu miaka ya 1980.

Dalili: majani mapya yanatoka mafupi, membamba, yamesimama wima na kubanana juu kama kichwa cha ufagio, kingo zake ni za njano. Liweke jani kwenye mwanga ulitazame kutoka chini: kwenye mshipa wa kati na kikonyo kuna vidoa na vistari vya kijani kilichoiva, kama mtu aliandika kwa kalamu. Ukiona hivyo usitafute ushauri wa pili.

Ubaya ni huu. Bakteria tunaweza kupambana nao kwa panga. Virusi vikiingia shinani vimeingia katika kila chipukizi litakaloota humo. Maji ya moto hayavitoi, kumenya tunguu hakuvitoi. Na vidukari weusi wadogo wanaokaa chini ya vikonyo vya majani huvihamisha kutoka shina hadi shina.

Kwa hiyo: chipukizi la kutoka bondeni lisipande mlimani moja kwa moja. Lipandwe pembeni, mbali na migomba mingine, liangaliwe mpaka litoe majani mapya kadhaa. Likionyesha dalili, ua vidukari kwanza kwa maji ya sabuni au mafuta ya taa kidogo juu ya shingo ya mgomba, ndipo ung'oe. Ukianza kung'oa, vidukari wanashuka na kutembea kwa jirani. Watu wengi hukosea mpangilio huo tu, na shamba zima linakwenda.

---

Fundi_Chipukizi

Sasa kuzalisha. Mmepata shina moja la mwisho la aina fulani, mnahitaji 5. Kusubiri machipukizi ya kawaida ni mwaka na zaidi. Njia ya vipande vya tunguu iliyoenezwa na Moïse Kwa wa CARBAP, kituo cha utafiti wa ndizi Kameruni, inafanyika hata nyuma ya nyumba Bagira.

Chagua chipukizi la upanga, lile lenye majani membamba, kutoka shina lisilo na dalili. Osha udongo wote. Menya mizizi na ngozi ya tunguu milimita 2 au 3 mpaka nyama iwe nyeupe. Ukikuta mashimo ya fukusi yameingia ndani sana, tupa. Chovya tunguu lililomenywa katika maji yanayochemka kwa sekunde 30, usizidishe. Hapo minyoo ya mizizi imekufa. Nzungu (sufuria) kubwa na makala vinatosha; hesabu kwa sauti, usikadirie.

Kisha vua magamba ya mgomba moja moja kuanzia nje. Kila gamba likatwe milimita 2 juu ya mahali liliposhikamana na tunguu, kwa sababu jicho linakaa hapo kwenye pembe. Ukikata chini zaidi umelikata jicho, ukiacha refu zaidi gamba linaoza na kulizika. Vua 4 hadi 6. Ukifika katikati, chora msalaba kwa kisu katika moyo wa mgomba ili uache kukua na macho ya pembeni yaamke. Weka kivulini siku 1 au 2 vidonda vikauke.

Sanduku: mbao, chini shitingi (karatasi ya plastiki) yenye matundu, juu yake unga wa mbao uliochemshwa kwa mvuke saa 2 na kupoa. Fukia tunguu sentimita chache, funika kwa plastiki angavu, weka kivuli juu. Ndani panatakiwa joto la nyuzi 25 hadi 35. Hapa Bukavu usiku unateremka, kwa hiyo fungeni plastiki mbili zenye nafasi ya hewa katikati, msiweke sanduku upande wa upepo wa ziwa.

Miche huchomoza kati ya wiki 3 na 6, kwetu mara nyingi mwishoni mwa muda huo. Mche ukiwa na majani 3 ya kweli, ukate na kipande cha tunguu chenye mizizi, weka kwenye mfuko, kivulini wiki 6 hadi 8 kabla ya shamba.

Kinachoharibika: maji. Watu wanamwagilia kila siku, unga wa mbao unanuka, tunguu linakuwa uji. Kamua unga kwenye ngumi: matone yakitoka, usimwagilie. La pili, unga mbichi wa mikaratusi unachacha na kupata joto kuliko unavyotaka. Utafute uliokaa nje miezi.

Na tahadhari ya Uvira isisahaulike. Sanduku hili linazidisha kile ulicholiingizia. Chipukizi moja lenye virusi, miche 20 yenye virusi.

---

Msomaji_Goma

Na maabara? Si wangetupa miche safi tukamaliza?

---

DadaMaabara

Maabara inasaidia katika mambo mawili ambayo sanduku la Fundi haliwezi: kuondoa virusi kwa kukuza ncha ndogo kabisa ya moyo wa mgomba, na kuweka nakala ya mbali. Nakala kuu ya dunia iko Leuven, Ubelgiji, ilianza mwaka 1985, na ina zaidi ya sampuli 1,600 za migomba. Sehemu inakaa katika mirija kwenye nyuzi 16 ili ikue polepole, na nyingine imegandishwa katika naitrojeni ya kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri, ambako haikui kabisa.

Hasara yake: ukikata na kukata tena chupani mara nyingi, mche unaanza kubadilika. Unapanda ndizi ya kupika, unapata mgomba mfupi wenye majani yaliyokunjamana. Kwa hiyo mizunguko iwe michache, na kila baada ya miaka mche urudi shambani uangaliwe na watu wanaoijua aina hiyo. Hapo maabara inawahitaji nyinyi, MamaWalungu na sifa zake 20.

Nakala ya mbali si badala ya shamba. Ufaransa walijifunza baada ya filoksera, kidudu cha mizizi kilichoangamiza mizabibu yao karne ya 19. Mkusanyo wao mkubwa ulihamishiwa Vassal, kwenye mchanga wa pwani, mwaka 1949, maana kidudu hicho hakistawi mchangani. Walichagua mahali kwa kumfuata adui. Sisi tufanye hivyo: shamba la kwanza juu, ambako wadudu wa mnyauko ni wachache na vidukari wamepungua, la pili popote pasipo mpaka na shamba la migomba.

---

KasiksiSafi

Mimi ni wa upande wa kinywaji, nawakumbusha kitu kimoja. Aina ya pombe haiwezi kuhifadhiwa na mtu asiyeikamua. Ndizi iliyoiva sawasawa, ukiikanda pamoja na majani makavu, inaachia maji yenye mwanga, siyo uji. Ya kupika ukiikanda unapata uji mzito hata ukikesha. Hiyo nayo ni sifa ya kuandika: lita ngapi kutoka mkungu wenye kilo ngapi, na siku ngapi za kuivisha. Tofauti kati ya aina na aina ni kubwa, na wanaoijua ni akina mama wa kasiksi (pombe ya ndizi), hawajaulizwa.

Idjwi mnaifikiria kama shamba la pili? Kisiwa.

---

Tunguu_Kabare

Kisiwa si kinga chenyewe, KasiksiSafi. Machipukizi yanapanda pirogi (mtumbwi) kama watu. Lakini kama barabara ya Kavumu imefungwa na ziwa liko wazi, au kinyume chake, kuwa na mashina pande zote mbili kunasaidia. Idjwi naikubali, kwa sharti kwamba miche iende ikiwa imetoka kwenye sanduku la Fundi, isiende ikiwa imechimbwa shambani na udongo wake.

Mambo ya lebo, kwa sababu nimeulizwa kwa ujumbe. Usiifunge kwenye mgomba. Mgomba unakatwa na mkungu wake, lebo inakwenda kwa mbuzi. Kata bati la kopo la soda, andika namba kwa msumari ukiligandamiza, lifunge kwa waya kwenye kigingi cha mti mgumu kaskazini mwa shina. Kisha chora ramani: safu ya ngapi, shina la ngapi, ukihesabu kutoka kona moja yenye jiwe. Vigingi huibiwa kuni, jiwe linabaki. Na shina linatembea. Kila mtoto anaota kidogo pembeni ya mama, baada ya miaka 5 au 6 liko nusu mita kutoka kigingi na limepanda juu ya udongo. Hapo ndipo unalipanda upya, na ramani inasahihishwa siku ileile.

Namba ziwe fupi: herufi mbili za mahali, mwaka, namba. KB-25-07 ni ya saba iliyochukuliwa Kabare mwaka 2025. Jina la ndizi lisiwe ndani ya namba, maana jina ndilo litakalobadilika.

Mwenye nafasi ya mashina 20 upande wa Idjwi au Kalehe aandike hapa, na aseme mita ngapi kutoka migomba ya jirani. Kabla ya kiangazi masanduku yatengenezwe na unga wa mbao ukae nje. Machipukizi yaingie sandukuni Juni, ili miche iwe tayari kwa mvua za Septemba na Oktoba.

---

Fundi_Chipukizi

Juni usiku ni baridi mno kwa sanduku, Tunguu. Tuanze Mei, la sivyo macho yatalala.

---

Tunguu_Kabare

Mei basi.